Macho ya Herufi

Asubuhi, kabla ya chai, namwaga maji ya kompresa.
Koki ya chini ya tangi inakohoa, inatema
kikombe kizima cha jasho la usiku wa Wete.
Hewa ya huku Limbani hunyweka.
Mwenye karafuu huvunja kikonyo akasikiliza:
kikilia ta, zimekauka.
Mimi nina chupa ya punje za buluu. Zikigeuka waridi
unyevu umeshapita, umeingia motoni,
na moto wa plazma ulioingia maji
hukata kama shahidi wa uongo: ukingo umepinda,
chini mavi ya chuma, nozo imeliwa upande.

Nozo tatu kwa siku moja, Shaame, kwa kusahau koki!
Na Pemba nzima haziuzwi.

Bi Raya Khatib aliingia na kipande cha boksi la sabuni,
kina tundu mbili, uzi wa katani bado umo.
Kalamu nene, mkono wa kuyumba:

nimekwenda kusali narudi

Miaka thelathini na moja kilining'inia mlango wa duka, Utaani.
"Alikwenda," alisema. "Sasa nakitaka cha chuma."

Nikakipiga picha, nikakitia kwenye kompyuta,
nikafuata kila herufi, nukta kwa nukta.
Programu ikauliza: ninyooshe mistari?
Nikabonya ndiyo. Mazoea.
Bi Raya akainamia kioo kama anayeonja mchuzi wa mtu mwingine.
"Huyu nani kaandika?"

Nikarudisha. Mtetemo ukarudi,
ile k iliyoegemea jirani yake,
ile w yenye goti bovu.

"Bibi, e na a na d zina macho ndani.
Nikikata, jicho huanguka.
Niache vidaraja, viyashike?"
"Hakuwa akiandika na vidaraja."
"Yataanguka, basi."
"Na yaanguke."

Nikasugua kutu, nikabana athi kwenye chuma kitupu.
Nozo mpya, elektrodi mpya. Sikumwambia.
Bamba la milimita tatu, ampea arubaini na tano.
Kichwa kikashuka, kikagusa, kikapanda kidogo,
kama ulimi unaopima uji wa moto.
Kisha ule mlio wa kitambaa kinachopasuliwa,
na cheche zikafa ndani ya maji ya beseni.
Mashine hukata ndani kwanza, ndiyo adabu yake:
jicho kabla ya uso.
Tiki. Jicho la e, majini.
Tiki. La pili.
Bi Raya midomo inamcheza, anahesabu.

Kwenye u ya narudi, umeme ukakatika.

Kimya. Feni ikazunguka kwa deni, ikasimama.
Umeme ukikatika mashine husahau ilipo.
Uliporejea nikaipeleka kwanza kwao, kona ya sifuri,
ijipapase, ijue kulia na kushoto,
ndipo nikairudisha pale pale ilipokatizwa.
Pale pale, nusu milimita pembeni.
Kovu.

Nikachukua tupa.
"Liache," alisema. "Hapo alipiga chafya."

Akakunja mkono wa buibui, akaingiza mkono beseni,
maji meusi kama wino, mpaka kiwiko.
Akayatoa moja moja, akayapanga juu ya kanga:
mawili ya e, matatu ya a, moja la d.
La saba halikuonekana. Tulitafuta mpaka adhana.
Akafunga sita pale pale pindoni alipotoa pesa yangu,
akaondoka, Shaame nyuma yake na bamba kichwani.

Mwezi uliofuata tulikausha beseni, tukakwangua tope.
Limo, dogo kuliko kucha, limeshashika kutu.
Shaame akalitundika kwa waya juu ya koki.
Tangu siku ile maji humwagwa
kabla sijavua viatu.

Nitampelekea Bi Raya.
Nimeshasema hivyo mara tatu.